UZI: Tunasoma, hatuchezi. Kuhusu zikri, Maulidi ya Homu na wale wanaozunguka wa Konya, Uturuki

Mjukuu_wa_Muitikiaji:

Assalaam alaykum wana jukwaa. Juzi mpwa wangu, yuko darasa la sita, kaniletea simu anionyeshe video. Wanaume wamevaa kofia ndefu za rangi ya mchanga na nguo nyeupe pana, mikono wameinyoosha, wanazunguka kama pia. Kaniuliza, "Mjomba, hawa nao Waislamu? Mbona sie kwenye zikri hatuzunguki?" Nikamjibu kwa mkato kuwa hao Waturuki, wana yao. Akanitazama jicho lile la mtoto anayejua umemkwepa. Wallahi lile jicho limenikaa. Ndo nafungua uzi huu, mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Nianze na kitenzi, maana naona ugomvi wote umelala hapo. Babu yangu mzaa mama alikuwa muitikiaji wa maulidi miaka thelathini na zaidi, na sijapata kumsikia hata siku moja akisema anakwenda kucheza. Kwetu maulidi husomwa. Zikri hupigwa. Dufu hupigwa. Ngoma ndiyo huchezwa. Ukimsikia mtu anasema "jana tulicheza maulidi" basi ama mgeni, ama anakutafuta maneno. Na papo hapo nenda kaangalie Maulidi ya Homu, kisha uje uniambie kama hakuna mwili unaokwenda.

Kwa ambao hawajayaona: vijana kumi na kitu, pengine ishirini, wamepiga magoti safu moja, bega kwa bega, kanzu nyeupe na kofia. Mbele yao wamekaa wenye matari na msomaji. Inaanza taratibu mpaka mgeni huchoka. Kichwa kinainama, mabega yanakwenda kulia, yanarudi kushoto, na sauti iko chini kama mtu anajisemea. Kisha mikono inainuka pamoja, inashuka pamoja, safu nzima inalala upande mmoja kama minazi upepo wa kusi ukishapamba moto. Ukikaa pembeni unaliona wimbi linatoka kwa mtu wa mwanzo hadi wa mwisho, na ni vigumu kusema nani aliyelianzisha. Mwendo unaongezeka bila mtu kuamrisha. Tari ndilo linalovuta, na wao wanavutwa.

Babu alikuwa na sugu mbili nyeusi magotini, ngumu kama kifuu. Bibi akimtania kwamba Munkar na Nakir, malaika wa kaburini, hawatamuuliza jina, watatazama magoti tu.

Homu inahusishwa na tarika (njia ya kisufi) ya Rifaiyya, ya Sheikh Ahmad ar-Rifai wa Iraki, aliyefariki 1182. Hapa mjini Unguja imeshikamana na jina la mtaa wa Mtendeni kiasi kwamba wengine wanadhani ilizaliwa uchochoroni pale.

Naendelea baada ya Isha.

Kahawa_Chungu:

"Mrefu kidogo." Shekhe, nimeshavuta jamvi.

Mjukuu_wa_Muitikiaji:

Vuta na mto kabisa.

Sasa, hizi tarika hazikuja Unguja kwa jahazi moja wala kwa tabia moja. Qadiriyya, ya Sheikh Abdulqadir al-Jilani aliyezikwa Baghdad, huku kwetu iliwaka zaidi kwa mkono wa Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa. Alikuja Unguja wakati wa Sayyid Barghash, miaka ya 1880, akatoa ijaza, yaani ruhusa ya kuiongoza zikri, kwa watu wa kila tabaka, na kutoka hapa zikri ikavuka bahari ikaingia bara hadi mbali. Yeye mwenyewe aliuawa kwao Usomali mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdille Hassan. Waislamu kwa Waislamu, na suala la tarika lilikuwa katikati ya ugomvi huo. Kwa hiyo tukigombana humu kwenye simu tujue waliotutangulia waligombana kwa panga.

Upande wa pili kuna Alawiyya, njia ya masharifu wa Hadhramaut. Hao kwa wingi wao ni watu wa utulivu. Ratibu ya Haddad, ya Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim (1634–1720), husomwa watu wamekaa, bila tari, na anayesogea labda anajikuna. Wanazuoni wakubwa wa mji huu, Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote wawili mwaka 1925, walikuwa wa njia hiyo. Lakini tena ni Mualawi, Habib Swaleh wa Lamu, aliyeyapa Maulidi ya Habshi makao pale msikiti wa Riyadha, na dufu likalia ndani yake. Mwenye kutaka kutia watu kwenye makapu mawili, wapiga dufu huku na wasiopiga kule, kapu litamtoboka.

Maulidi ya Barzanji nayo, yaliyotungwa na Sayyid Jaafar al-Barzanji, mufti wa Madina karne ya 18, ndiyo yanayosomwa kila nyumba. Hata yale makubwa ya usiku wa Mfungo Sita pale Maisara na Mnazi Mmoja, wakubwa wa serikali wamekaa mbele, ni Barzanji. Mlango mmoja wa kisomo, kaswida, mlango mmoja, kaswida. Mwili husogea mara moja tu, kwenye kiamu: inapotajwa kuzaliwa kwake Mtume (s.a.w.) watu wote husimama, mrashi unapita, na chetezo nyuma yake.

Baharia_wa_Wete:

Sie Pemba twaipiga zikri kwenye hauli (kumbukumbu ya kila mwaka ya shekhe aliyefariki) na hitma, na mie nimekulia humo, niruhusu niseme la pumzi maana hujaligusa.

Duara linasimama. Mwanzo ni La ilaha illa Llah nzima nzima, kwa sauti, kichwa kinakwenda kulia kinarudi kushoto kwenye moyo. Baadaye maneno yanapungua, linabaki jina la Allah peke yake. Mwisho hata jina halisikiki tena, imebaki pumzi tu, hu, hu, inatoka kifuani kama msumeno unaopasua mbao. Watu arubaini na pumzi moja. Ukiwa nje ya msikiti usiku unadhani kuna mashine. Huwezi kutoa pumzi namna ile ukasimama kama mlingoti. Mwili unainama wenyewe kwa sababu kifua kinataka nafasi. Hivyo anayeuliza "mbona wanacheza?" mie humjibu: jaribu kuvuta kamba ya jahazi bila kuinama.

Na jengine. Wageni huchanganya zikri na ngoma ya pepo kwa sababu kote mtu anaweza kushikwa akaanguka. Kwenye ngoma ya pepo, mwenye kushikwa huulizwa: wewe nani, umetoka wapi, wataka nini? Kuna mazungumzo na anayejibu. Kwenye zikri mtu akikamatwa na hali hakuna anayemuuliza jina. Wawili humshika mabega asije akajiumiza, wakasubiri arudi. Kwetu kulikuwa na mzee, kazi yake ilikuwa hiyo tu, kuzunguka nyuma ya duara na kuweka mkono begani. Kijana akianza kuruka ili aonekane, mkono ule ule humbana mpaka atulie. Alikuwa anajua nani kashikwa na nani anajishika.

Mjukuu_wa_Muitikiaji:

"Nani kashikwa na nani anajishika." Ahsanta, hiyo naiba.

Fuata_Athari:

Wa alaykum salaam. Nimesoma yote kwa utulivu na sitatukana mtu, mie pia nimelelewa kwenye nyumba ya maulidi.

Ila tuseme kweli. Mwenyezi Mungu amewasema washirikina wa Makka katika Suratul Anfal aya ya 35 kwamba sala yao kwenye Nyumba haikuwa ila miluzi na makofi. Na katika Bukhari kuna hadithi ya watu watakaohalalisha zinaa, hariri, ulevi na ala za muziki. Masahaba walimpenda Mtume kuliko sisi, na hatukupokea kwamba Abubakar alipiga magoti akayumba na tari. Hoja yako ya kitenzi ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Imepokewa vilevile kwamba watu watakunywa ulevi wakiuita kwa jina jengine. Kubadili jina hakubadili kilichomo kwenye glasi.

Kahawa_Chungu:

Hapo kakubana kweli kweli.

Mjukuu_wa_Muitikiaji:

Kanibana, na sitajifanya sikuhisi. Nimekaa na hoja ya glasi tangu asubuhi.

Kwanza la dalili, kwa ufupi maana tutakesha. Katika Bukhari hiyo hiyo kuna Wahabeshi waliocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akiwatazama, Mtume kamsitiri kwa shuka lake mpaka alipochoka mwenyewe. Na wapo vijakazi wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi, Abubakar akawakemea, Mtume akamwambia waache. Najua utasema hiyo ni furaha ya Idi, si ibada. Sawa. Ndiyo maana Imamu Ghazali (aliyefariki 1111) aliandika sehemu nzima ya kitabu chake Ihyaa kuhusu samaa, kusikiliza nyimbo za kidini, na hakutoa hukumu moja kwa wote. Alitazama kinachosikilizwa, ala yenyewe, na moyo wa anayesikiliza. Sauti ile ile humwinua huyu na kumzamisha yule.

Na wala masufi wenyewe hawakuwa kauli moja. Junayd wa Baghdad, aliyefariki 910, aliulizwa mbona watu wanatikisika wakati wa samaa naye katulia. Akajibu kwa aya ya Suratun Naml: unaiona milima unaidhania imetulia, nayo inakwenda mwendo wa mawingu. Mie ningependa kuweza kukaa vile. Siwezi. Tari likilia bega langu linakwenda.

Sasa glasi. Hao wanaozunguka wa Konya, njia ya Maulana Rumi aliyefariki huko 1273, wao wanakiitaje wanachokifanya? Wanakiita *sema*. Hiyo ni samaa yetu hii hii, kusikiliza. Mtu anazunguka juu ya mguu wa kushoto nusu saa nzima, na jina la kitendo ni kusikiliza. Kofia ile ndefu ni jiwe la kaburi lake. Joho jeusi analolivua mwanzo ni kaburi, nguo nyeupe ni sanda. Kiganja cha kulia kimetazama juu kinapokea, cha kushoto kimetazama chini kinatoa. Na zamani hakuingizwa mtu uwanjani mpaka ahudumie siku 1,001, nyingi zikiwa jikoni, na kuzunguka akajifunzia kwenye ubao wenye msumari kati ya vidole vya mguu. Nilipolisoma la jikoni nilicheka, maana babu naye mwaka wake wa mwanzo hakuitikia hata kiitikio kimoja. Alibeba maji, akatia moto matari, akaosha vikombe vya kahawa.

Nilimkwepa mpwa wangu, kumbe jibu lilikuwa mdomoni: wao wanasikiliza, sie tunasoma.

Mlei_wa_Minara_Miwili:

Salaam ndugu zangu, Mkristo wenu nachungulia dirishani. Hilo la vitenzi limenigusa. Wahabeshi wa kanisa la Orthodoksi la Ethiopia wana wasomi wao wa kanisa, madebtera, wanaoimba na kusogea kwa safu, wana fimbo ndefu za sala, kayamba za chuma na ngoma kubwa. Wao husema nyimbo hizo asili yake ni Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Na huo mwendo wao wanauita *aqwaqwam*, namna ya kusimama. Nikasikia mnataja kiamu. Si mzizi mmoja huo? Kwenye lugha za Kisemiti, kiyamu, kusimama.

Nasi tuna ugomvi wetu, msidhani mko peke yenu. Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano kwa nguvu zake zote, mkewe Mikali akamdharau dirishani (Samweli wa Pili, sura ya 6). Mikali bado yu hai, anakaa kigango chetu. Ngoma haikuwa ikipigwa kwenye Misa hapo zamani, ilihesabiwa ya kishenzi; baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikani ndipo ikaruhusiwa, na Wakongo wakapata Misa yao yenye kucheza, Roma ikaipitisha mwaka 1988. Wazee wa kwaya yetu mpaka leo wakiona vijana wanayumba wanasafisha koo.

Kahawa_Chungu:

"Mikali bado yu hai." Nimemwagia kahawa kanzu.

Mie nikipita Hurumzi jioni nasikia kengele za Wahindu, naona nao wana lao. Tena waimbaji wa kawali kule Delhi na Pakistani, wanapiga makofi na kinanda kwenye kaburi la walii, si masufi hao?

Mjukuu_wa_Muitikiaji:

Ni masufi, njia ya Chishti. Mmoja wa mashekhe wao wa Delhi, Qutbuddin Bakhtiyar Kaki, husimuliwa kwamba mwaka 1235 alisikia beti moja kwenye samaa, akashikwa na hali siku kadhaa, akafa nayo. Beti moja tu.

@Mlei, ahsante sana. La *aqwaqwam* limeniweka macho.

Bint_Ngambo:

Nyie wanaume mnaandika kana kwamba maulidi yanafanyika barazani tu. Njooni ndani.

Maulidi ya wanawake yana msomaji wake, matari yake, na udi unaopita mpaka kwenye mabuibui. Mimi nimefundisha kaswida madrasa miaka tisa. Adui yangu mkubwa siye Fuata_Athari, msamehe kaka yangu. Adui yangu ni mahadhi. Mwaka mmoja wasichana walikuja na kaswida mpya, maneno mazuri, ya kumsifu Mtume, wamejitungia wenyewe. Nikawaambia haya someni. Beti ya pili nikaitambua: ni wimbo wa mapenzi uliokuwa ukipigwa kila daladala, nota kwa nota. Nikawauliza, wakaangalia chini. Siku ya maulidi walisoma nyingine, lakini waliialika madrasa jirani, nayo ikaja na ile ile! Bibi zetu wamekaa mbele wanaitikia kwa machozi, na vijana nyuma ya pazia wanamalizia maneno ya asili kimoyomoyo.

Sikusema kitu. Mpaka leo sijui nilipaswa kuwa upande gani. Machozi ya bibi yalikuwa ya kweli.

Fuata_Athari:

Dada, hapo umesema mwenyewe. Mlango ukiachwa wazi huchagui anayeingia.

Bint_Ngambo:

Nimesikia. Ila nyumba isiyo na mlango inaitwa kaburi.

Baharia_wa_Wete:

Yakhe.

Mjukuu_wa_Muitikiaji:

Bint kamaliza. Nami nina deni la glasi kwa Fuata_Athari, nililipe kwa kisa.

Miaka kadhaa nyuma nilifuatana na kikundi cha mtaa jirani kwenye hoteli moja ya pwani. Mimi kazi yangu kubeba matari. Tumefika, ukutani kuna karatasi ya ratiba: chakula, kisha "ngoma ya asili, dakika 15". Khalifa, kiongozi wa kikundi, akaomba jambo moja, chupa ziondoshwe meza za mbele. Akaambiwa hapana shida. Tukakaa, tukapiga magoti, chupa zipo. Akasoma Fatiha, akaanza. Mnajua inavyoanza, taratibu. Dakika ya sita au saba namuona kijana mwenye kusimamia shughuli, nyuma ya wageni, anazungusha kidole hewani: kasi, kasi. Anataka lile wimbi aliloliona kwenye video. Khalifa hakukasirika. Alimaliza beti, akafunga kitabu, akaomba dua fupi, akasema "Haya wanangu." Tukainuka. Malipo yalikuwa nusu, na tulipewa kwa kuchelewa.

Tulipokuwa kwenye gari tulilokodi hakuna aliyesema. Dereva kawasha redio. Kufika katikati ya njia, kiza, mmoja nyuma kaanza kiitikio kwa sauti ya chini, kile kile tulichokikata. Mwengine akapokea. Dereva akazima redio bila kuambiwa. Tulisoma hivyo, tumebanana, mabega yanakwenda kwa sababu hayana pengine pa kwenda, hadi Darajani, na tukakaa ndani ya gari limesimama mpaka tulipoumaliza mlango ule wa kisomo.

Pale hotelini ndipo lilipobadilishwa jina, kaka yangu. Sisi tulikuja kusoma, karatasi ikasema tucheze. Na ukiondoa ule mwanzo wa taratibu, unaomchosha mgeni, basi hoja yako ya glasi ni ya haki kabisa, kilichobaki ni ngoma tu. Sisemi jukwaa lote ni haramu. Nimeyaona Maulidi ya Homu Ngome Kongwe kwenye matamasha, mbele ya watu wa dunia nzima, na walipewa muda wao, na watu walinyamaza. Waturuki nao lilivyowafika: serikali yao ilifunga nyumba zote za tarika mwaka 1925, na kuzunguka kukaruhusiwa tena miaka ya 1950 kwa jina la utamaduni. Leo wamo kwenye orodha ya UNESCO, na kuna migahawa wanazungukia wageni wanaotafuna. Wanaosikiliza kweli wapo bado, lakini ratiba za migahawa hazitawaonyesha.

Fuata_Athari:

Sijakubali. Lakini kisa cha gari nimekisoma mara mbili.

Baharia_wa_Wete:

Nna suali la ufundi. Matari yenu huko mwatia moto kwa kitu gani? Sie makumbi ya nazi. Vijana siku hizi wanakuja na karatasi, linawaka fuu, linazimika, ngozi haijasikia kitu.

Mjukuu_wa_Muitikiaji:

Makumbi, hakuna jengine. Karatasi inaunguza ukingo na katikati pamelala. Nakumbuka Mfungo Sita ya 2006 iliangukia Aprili, masika yamekaza, ngozi ya mbuzi imenyonya unyevu hadi tari linalia kama boksi. Babu alikaa jikoni kwa bibi tangu Alasiri, anayageuza moja moja juu ya makaa ya makumbi, analigonga kwa ncha ya kidole na sikio kaliweka karibu, anatikisa kichwa, anarudisha. Kumi na mbili. La kwanza lilishalegea kabla ya la mwisho kukaza, akaanza upya. Waliposoma usiku ule alikuwa kakaa nyuma kabisa na macho mekundu kwa moshi.

Mpwa wangu nimeshamjibu, la kusikiliza na la kusoma. Akafikiri, akauliza kama Alhamisi anaweza kuja akapiga tari moja, moja tu. Nimemwambia aje mapema, aanze na kukusanya makumbi.